Bushi za Pipa la Viatu

Bushi haikutoka. Ilimwagika.

Bi Kucha alikuwa ameuweka mkono wa gurudumu kwenye mashine ya kubana, akavuta wenzo kidogo tu, na kile kitu ambacho kilipaswa kushindana naye kwa kelele mpaka jasho limtoke kikachuruzika pembeni kama pipi iliyotafunwa ikatemwa juani. Kilimwangukia kiganjani. Kilikuwa cha uvuguvugu, kinanata, kimeshika vumbi na manyoya ya paka, na kilinuka. Akakikung'utia kwenye karai huku akisema neno ambalo mama yake hakumfundisha.

Kwa asiyezoea matumbo ya magari, bushi ni ile pete nene inayokaa mahali mkono wa gurudumu unapoungana na chasisi. Ya kiwandani huwa ya raba. Raba ina huruma, hunyonya mashimo yote ya barabara abiria wakasinzia, lakini gari likiingia kona kwa kasi, raba hiyo hiyo hulegea na gari likayumba kama mlevi. Ndiyo maana wapenda mbio huitoa na kuweka bushi za poliyurethani, ambazo gerejini kila mtu aliziita poli, tena si za dukani bali za kumiminwa kwa kipimo cha gari lako na ugumu unaoutaka wewe. Ni watu wa ajabu hao. Mtu ananunua gari la raha, kisha anakuja kukuomba uitoe raha yote ibaki kelele.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bi Kucha. Alipima, akachonga kalibu ya alumini, akapasha moto vimiminika viwili, akavichanganya, akavinyonya hewa ili visibaki na mapovu, akamimina, akaingiza kwenye tanuri. Jina lilitokana na ukucha wa gumba lake la kulia, aliouacha mrefu makusudi. Kila bushi ilipopoa aliibonyeza kwa ukucha huo. Nzuri hurudi pale pale kama haikuguswa. Mbaya hubaki na alama, na yenye alama haikuvuka mlango wake.

"Hiyo ndiyo bushi?" aliuliza mwenye gari, daktari wa meno ambaye mwisho wa juma hugeuka dereva wa mbio. Alikuwa amesimama mbali kidogo kwa ajili ya viatu vyake vyeupe.

"Ndiyo iliyokuwa bushi."

"Mama, mimi kutwa nzima vidole vyangu viko kwenye vinywa vya watu. Vinywa vyenyewe wewe huvijui. Lakini hicho..." Akaziba pua.

Bi Kucha hakucheka. Daktari akaendelea kueleza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. Alikuwa akiteremka mlima na mke wake kando, akashika breki, na nyuma ya gari ikataka kwenda njia yake. Walisimama ukingoni. Mke akashuka, akakataa kupanda tena, akarudi nyumbani kwa basi.

"Labda kuna mtu alipaka grisi isiyofaa," Bi Kucha alisema. "Liache gari hapa. Nitalishughulikia mwenyewe."

Daktari akashukuru, akaondoka. Bi Kucha alibaki na uongo wake mdomoni, ukiwa na ladha mbaya kama ya dawa iliyoyeyukia ulimini. Grisi haifanyi hivyo. Alilijua hilo hata kabla hajamaliza kulisema.

Akainamia karai na kunusa tena, safari hii kwa kukusudia. Chini ya uvundo kulikuwa na harufu nyingine, na hiyo aliitambua. Ilikuwa harufu ya duka la viatu.

Nani asiyejua viatu vya harusi? Umevinunua, umevivaa mara moja, umevirudisha kwenye boksi juu ya kabati kwa heshima zote. Miaka inapita, unaalikwa harusi nyingine, unavitoa vinang'aa, na kabla hujafika kwenye meza ya maharusi soli imeshameguka, unaacha makombo nyuma yako kama panya aliyeiba mkate. Soli hizo nazo ni poli. Ni ukoo mmoja na poli ya bushi lakini tabia mbalimbali, maana poli ya soli haipatani na unyevu. Maji ya hewani tu huila polepole kutoka ndani, na kwa miezi mingi huioni dalili yoyote. Ukiipima ikiwa mpya ni ngumu, inameta, inarudi chini ya ukucha kama mtoto wa halali.

Na yeye aliipima. Lile pipa lilipofika, mwanzoni mwa mvua, alilifungua akamwambia mume wake, "Hili mbona linanuka kama duka la viatu?" Mume akacheka, akasema basi na viatu watauza. Naye akacheka. Kisha akamimina, akabonyeza, akapitisha. Bushi za daktari zilitoka humo. Za Kona, mdogo wake wa tumbo moja, zilitoka humo. Watu waliomiminiwa kutoka pipa lile walikuwa wengi kiasi kwamba hakutaka kuanza kuwawaza.

Kumkumbuka Kona ndiko kulikomwinua. Huyo kijana alipewa jina hilo kwa sababu kwenye kona ndiko alikowaacha wenzake, na Jumamosi alikuwa na mbio za kupanda mlima. Alikuwa na gari moja tu, la safari na la mashindano.

Bi Kucha akalibeba karai, akaingia ofisini.

Mume wake aliitwa Mipango. Alikuwa mtu wa kutafuta wateja na mali, mkewe akawa mtu wa kutengeneza, na kwa mgawanyo huo walikuwa wamejenga gereji na nyumba na kulea watoto wawili. Wakati huo alikuwa akila mayai ya kuchemsha. Karai likatua kando ya chumvi.

"Ni nini tena hiki? Toa bwana, mtu anakula!"

"Bushi ya daktari. Lile pipa ulilitoa wapi?"

"Pipa gani?"

"Usinitanie. Lile la duka la viatu."

Mipango akaliangalia yai lake, akaliuma, akatafuna taratibu. Bi Kucha alikitazama kiini cha njano kikimganda kwenye pembe ya mdomo, na karai lile likiwa na njano ile ile, maana njano ndiyo rangi waliyotilia bushi zao.

"Mke wangu, poli ni poli," Mipango alisema mwishowe.

"Na nguo ni nguo. Mbona hujavaa gauni langu?"

Basi akasema. Mzigo wao wa kawaida ulikuwa umechelewa, msimu wa mashindano ulikuwa umekaribia, wateja walikuwa wameshaahidiwa. Kulikuwa na rafiki yake kwenye kiwanda cha soli kilichofungwa, na pipa limekaa tu. Akabandua karatasi ya kiwanda, basi. Alikuwa anawaokoa. Isitoshe, si ni yeye mwenyewe Bi Kucha aliyepima akasema safi?

Hilo lilimpata pabaya kwa sababu lilikuwa kweli.

"Ulijua kwamba zitaoza?"

"Nijue?" Mipango akasimama, mkono kifuani. "Mama watoto, hebu nitazame. Gari letu lenyewe si nilifunga hizo hizo? Zilimiminwa siku moja na za Kona. Sasa ningejua, ningewapandisha wanangu kwenye uozo?"

Bi Kucha akashusha pumzi. Hasira haikuisha, lakini ilipata mahali pa kukaa. Mume mjinga ni mzigo, ila mzigo huo wanawake wengi wameubeba na wamefika. Alimwona pale na makombo ya yai kwenye shati, akamwonea hata huruma.

"Haya. Tunawaita wote watoe hizo takataka. Kona wa kwanza."

"Kesho asubuhi. Nitawapigia mmoja mmoja, nitasema ni sevisi ya bure ya msimu. Wanakuja, tunabadilisha, wanakwenda. Hakuna haja ya kupiga ngoma. Funika kombe mwanaharamu apite."

Methali hiyo ilimkera kama mkono wenye mafuta uliomshika begani. Lakini alikubali mpaka asubuhi. Ilikuwa Jumatano, Kona alikuwa kazini na gari limelala uani kwake, na Jumamosi ilikuwa bado. Jambo la haraka zaidi lilikuwa jingine. Watoto walikuwa karibu kutoka shule, na gari la kuwafuata lilikuwa lile lile la nyumbani. Akachukua ufunguo msumarini, akaliendesha taratibu mpaka juu ya shimo la gereji, akashuka na taa. Alitaka kuona zimeharibika kiasi gani, kisha angemwomba jirani akawachukue watoto wakati yeye anazitoa.

Kule shimoni kulikuwa na maji meusi yenye oili, gunia bovu na panya aliyekufa siku nyingi. Hayo hakuyajali. Aliinua taa huku akiomba, na ombi lenyewe lilikuwa la ajabu. Alimwomba Mungu amwonyeshe uozo. Alitaka kuona ile njano ikichuruzika chini ya gari la wanawe, imeshika manyoya na vumbi, inanuka, kwa sababu kama ilikuwa imeoza hapo, basi mume wake hakujua, na alikuwa mjinga tu, na leo usiku wangelala kitanda kimoja.

Mwanga ukafika kwenye mkono wa nyuma. Bushi ilikuwa nyeusi.

Akahamia upande wa pili, nyeusi. Akaenda za mbele, akajigonga kichwa, akatazama. Raba tupu, raba mpya ya kiwandani, safi, herufi za kiwanda bado zimesimama pembeni. Boliti ziling'aa, na kwenye kila moja kulikuwa na alama ndogo ya rangi nyeupe ambayo fundi hutia akishamaliza kukaza. Gerejini kwao hakuna aliyetumia rangi nyeupe. Gari lilikuwa limepelekwa kwa fundi wa mbali, tena fundi mzuri.

Bi Kucha alibonyeza kwa ukucha. Raba ikarudi.

Ule uozo wa kwenye karai haukumtapisha. Raba safi ndiyo iliyomtapisha. Aliinama kando ya lile gunia akatapika chai ya asubuhi na kila kitu, akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Usawa wa uso wake, viatu vya Mipango vikaja vikasimama ukingoni.

"Unaumwa?"

"Ulijua."

Viatu vilirudi nyuma hatua moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Panda juu tuzungumze kama watu."

"Nitazungumza humu humu na panya mwenzangu. Tangu lini?"

Mipango akachuchumaa. Uso wake ulikuwa na masikitiko ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba yalikuwa ya kweli. "Zetu zilianza kunata kabla ya likizo," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaona, nikaogopa. Siku hiyo hiyo nikalipeleka. Niliwatoa nyinyi kwanza, mama watoto. Baba gani asingefanya hivyo?"

"Kwanza," Bi Kucha alisema. "Wa pili ni nani?"

"Vipi?"

"Umesema sisi kwanza. Nataka kumjua wa pili."

Mipango akatazama mlangoni kana kwamba huyo wa pili alikuwa akichelewa kufika.

"Na baada ya kuona, ukaniacha niendelee kumimina."

"Pipa lilikuwa bado nusu," alisema.

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayeeleza kwa nini amemalizia wali uliobaki kwenye sufuria. Bi Kucha alimtazama mdomo uliotoa maneno hayo, mdomo aliokuwa akiubusu, na akahisi ngozi yake yote ikijikunja. Nusu pipa ni magari mengi. Alikumbuka jinsi alivyosimama juu ya kalibu, jasho likimtoka, akigonga taratibu ili mapovu yapande, na huyu akipita nyuma yake na kikombe cha chai akimwambia mkono wako una baraka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakuwa kinakusifia.

Akapanda ngazi ya shimo. Mipango akamnyooshea mkono wa kumsaidia. Akaukwepa kama anavyokwepa waya usiofunikwa.

"Kona anakuhesabu kaka," alisema.

"Naye nilikuwa na mpango naye. Baada ya mashindano..."

"Baada ya mashindano!"

"Nisikilize. Ukipiga kelele sasa umetuvua nguo. Jina, gereji, wewe mwenyewe. Nani atakuamini kwamba hukujua? Ni mikono yako iliyomimina."

"Ninawapigia wote leo. Naanza na ndugu yangu, na wewe utasimama hapo hapo usikie."

Alinawa kwanza. Sabuni ya unga, mafuta ya taa, sabuni tena. Ule utando wa kiganjani haukutoka, ulihamia tu kati ya vidole. Alishika simu hivyo hivyo, ikamnata, akampigia Kona, akaiweka kwenye spika juu ya meza ya kazi.

"Dada!" Kona alipokea kwa furaha. "Leo umenikumbuka. Nimetoka kazini mapema, niko chini ya gari hapa."

"Chini ya gari unafanya nini?"

"Nabadilisha matairi ya nyuma. Kule nyuma kunalegea, sijui vipi. Nilimwambia shemeji wiki iliyopita, akasema ni matairi. Basi nimejikamua, nimenunua mapya."

Bi Kucha alimgeukia Mipango. Mipango alikuwa akisoma saruji ya sakafuni.

"Achana na matairi," alisema. "Hebu nyoosha mkono, uguse bushi za nyuma. Bonyeza kwa kidole."

Kukasikika mguno, chuma kikagonga chuma.

"Kidole kimeingia," Kona alisema. "Dada, kimeingia chote. Hiki kitu gani? Kinanata... ptu! Kinanuka."

Akamweleza. Hakuchagua maneno wala hakuruka mahali. Alimweleza pipa la soli, karatasi iliyobanduliwa, daktari na mke wake ukingoni mwa mlima, na yeye mwenyewe alivyonusa siku ya kwanza akacheka. Kona alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Shemeji alijua?"

"Alijua."

"Yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

Kona akauliza, "Na gari lenu?"

"Letu ni zima. Alizibadilisha bushi."

"Lini?"

"Kabla ya likizo."

"Likizo hii tuliyokwenda kwa mama?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa ngoja, dada. Ngoja nielewe." Sauti yake ilikuwa imepoa kabisa, kama anayemsaidia mtoto kufanya hesabu. "Ile njia ya milimani tulikwenda pamoja. Nyinyi mbele, mimi nyuma yenu. Na usukani ulikuwa nao wewe, maana shemeji alikuwa amelala. Nilimwona kichwa kimelala dirishani."

"Ndiyo."

"Wewe ukiigusa bushi unajua ilitoka tanurini lini. Ukisikia gari linapita nje unasema lile limefungwa raba, lile poli. Umekaa kwenye usukani safari nzima. Hukuhisi?"

Ng'ambo ya meza Mipango aliinua uso. Alimtikisia mke wake kichwa polepole, akatembeza midomo bila sauti, akimpa jibu: hukuhisi, mwambie hukuhisi. Na jibu lenyewe lingepita. Watoto walikuwa wakigombana kiti cha nyuma, redio ilikuwa juu, barabara ilikuwa imelimwa na mvua. Nani angebisha?

"Nilihisi," Bi Kucha alisema.

Mipango akafumba macho.

"Nilihisi limekuwa laini. Nikamuuliza, akasema amepima magurudumu upya. Nilijua kupima magurudumu hakufanyi vile. Lakini watoto walikuwa wamelala vizuri, na mgongo haukuniuma, nikaona raha. Sikuuliza tena."

Kona alisikika tu akitafuta kitambaa, kisha akifuta mkono, anafuta, anafuta tena, na simu ikakatika.